Mtoto akisoma "kinee": kutafuta chanzo cha kosa kabla ya kulisahihisha

Mtoto wa darasa la tatu amesimama mbele ya wenzake, kadi mkononi. Kadi imeandikwa "knee". Anasoma kwa sauti, bila kusita: "kinee." Kisha ananitazama usoni ajue kama amepata. Sikumwambia kitu. Niligusa goti langu nikamuuliza kwa Kiingereza hiki kinaitwaje, akajibu papo hapo: "nii." Kumbe neno analo. Analiimba kila asubuhi kwenye wimbo wa kugusa viungo vya mwili. Alichokuwa hajui ni kwamba kilichoandikwa kwenye kadi na kile anachokiimba ni kitu kimoja.

Tangu siku ile sisahihishi herufi zisizotamkwa kabla sijajua kosa limetoka wapi. Makosa haya yanafanana sana yakitoka mdomoni, lakini vyanzo vyake ni mbalimbali, kama homa. Ukimpa kila mwenye homa dawa ya malaria, wako watakaopona na wako utakaowaongezea ugonjwa. Nimewaona watoto walioongezewa ugonjwa na somo la herufi hizi, na habari zao zinakuja hapa chini.

Neno moja kwanza. Walimu wengi huziita "herufi bubu". Mimi nasema herufi kimya, na nina sababu. Aliyenyamaza anaweza kusema akitaka. Herufi "g" imenyamaza kwenye "sign", lakini inasema waziwazi kwenye "signal". Mtoto akishaambiwa ni bubu, atashangaa kuisikia ikisema.

Hakikisha kwanza kwamba tatizo ni herufi kimya

Kuna vipimo vitatu, na havichukui hata dakika tano kwa mtoto mmoja.

Cha kwanza, mpe sentensi ya Kiswahili asome: "Shangazi amechemsha chai ya ng'ombe mweusi." Maana yake isikusumbue, unachotafuta ni "sha", "nga", "che", "ng'o", "mwe". Akikwama hapo, weka Kiingereza pembeni. Mtoto ambaye bado anapambana na silabi za lugha anayoiota usiku hana nafasi ya kubeba kanuni za lugha nyingine. Mrudishe kwenye silabi kwa wiki mbili tatu, wala usione kwamba umepoteza muda.

Cha pili, sikiliza irabu anazoziongeza. Kiswahili hupenda kila silabi iishie na irabu, kwa hiyo "milk" inakuwa "miliki" na "desk" inakuwa "desiki". Hilo ni jambo la ulimi, halihusiani na herufi kimya. Hapa ndipo walimu wengi wanapowaonea watoto. Mtoto akisoma "lamb" akasema "lamu", mwalimu anamkatalia kwa sababu ya ile "u" ya mwisho. Lakini huyo mtoto ameshaiacha "b"! Somo la herufi kimya amelifaulu. Mpongeze kwa hilo, irabu ya ziada itashughulikiwa siku nyingine, peke yake.

Cha tatu ndicho cha lile goti. Onyesha kitu au picha, uliza jina lake kwa Kiingereza. Akilijua kwa mdomo lakini akalikosea kwenye maandishi, tatizo ni tahajia, na utalitatua kwa njia nitakazoeleza. Asipolijua kabisa, hakuna kanuni ya herufi itakayomsaidia, maana hana neno la kulinganisha na anachokisoma. Fundisha neno kwa mdomo kwanza, lichezwe, liimbwe, litumike katika kuomba na kuagiza. Kadi ije baadaye. Katika madarasa yetu, ambako watoto wengi hukutana na Kiingereza kwa mara ya kwanza kupitia kitabu wala si kwa sikio, nadhani nusu ya kazi iko hapa.

Dalili: anatamka kila herufi anayoiona

"Kinife" kwa kisu, "wirite" kwa kuandika, "lambu" kwa mwanakondoo, "waliki" kwa kutembea. Huyu si mzembe wala si mzito. Huyu ni mwanafunzi aliyefundishwa vizuri. Tulimwambia tangu ba, be, bi, bo, bu kwamba kinachoandikwa kinasomwa, akatuamini, na katika Kiswahili kanuni hiyo haijawahi kumdanganya. Sasa tunamletea lugha inayoivunja, halafu tunamshangaa.

Njia ya kumsaidia iko ndani ya Kiswahili chenyewe, na ndiyo ninayoitegemea kuliko zote. Andika ubaoni "chai". Uliza herufi ni ngapi: nne. Waambie watamke polepole, wakunje kidole kwa kila sauti: ch, a, i. Vidole vitatu. Herufi nne, sauti tatu! Uliza: hapa "h" inasema nini? Watajaribu kuisema peke yake, "hai", na watacheka wenyewe. Watagundua kwamba "c" na "h" zimefungwa pamoja na sauti ni moja. Fanya hivyo hivyo kwa "shoka", "dhahabu", "ghali". Wamekuwa wakisoma herufi mbili kwa sauti moja tangu darasa la kwanza, ila hakuna aliyewaambia.

Hapo ndipo unapoleta "kn". Usiseme "K haitamkwi". Sema: Kiingereza nacho kina herufi zinazofungwa pamoja, na hizi mbili zikianza neno husema "n". Zipigie mstari mmoja chini, kama vile zimo ndani ya kikapu kimoja. Kwenye kadi (mimi hukata maboksi ya biskuti, upande wa ndani huwa mweupe) "kn" iandikwe kwenye kadi moja, isigawanywe mara mbili. Kisha kadi nyingine ziwe na "ee", "ot", "ock", "ow". Mtoto anaunganisha: kn na ee, kn na ot, kn na ock. Mkono wake haujawahi kuishika "k" peke yake katika zoezi hili, kwa hiyo na mdomo hauendi huko.

Kikapu cha pili ni "wr": "write", "wrong", "wrist", "wrap". Cha tatu ni "mb" ya mwisho wa neno: "lamb", "comb", "thumb", "climb". Hiki cha tatu kitakusumbua zaidi, kwa sababu "mb" kwa mtoto wetu ni ya mbuzi, mbwa na mbegu, imekaa mdomoni mwake tangu alipoanza kusema. Kipe wiki nzima na michezo ya mikono: onyesha dole gumba, chana nywele, panda ngazi. Kisha "lk" ya "walk" na "talk", na hapa una msaada mkononi kila siku, yaani chaki. "Chalk" ndiyo hiyo hiyo chaki, na sisi tulipoichukua hatukuandika "l" yoyote, kwa kuwa hatukuisikia.

Kikapu kimoja kwa wiki, maneno manne au matano. Nikisema hivi walimu wenzangu hulalamika kwamba silabasi itabaki. Lakini kubandika orodha ya maneno arobaini ukutani Jumatatu na kuyauliza Ijumaa kunaleta watoto wanaojua Ijumaa na kusahau Jumatatu inayofuata. Chagua yale anayokutana nayo kila siku: "know", "write", "wrong", "listen", "walk", "talk", "half", "hour", "who", "night", "answer", "could". "Psalm", "debt" na "pneumonia" zisubiri madarasa ya juu.

Dalili: ananyamazisha hata zinazotakiwa kusema

Huyu ndiye aliyeongezewa ugonjwa. Jana alisoma "king" vizuri, leo anasoma "ing". "Number" imekuwa "numa". "Kitchen" imekuwa "ichen". Ukimwuliza kwa nini, anakujibu kwa kujiamini kabisa: "Mwalimu ulisema K haitamkwi."

Na kweli ulisema. Chanzo ni sisi. Tulimfundisha herufi, wakati kinachonyamazisha ni jirani yake na mahali ilipo. "K" hunyamaza mbele ya "n" mwanzoni mwa neno, kwingine husema. "B" hunyamaza baada ya "m" neno linapoishia hapo. Katika "number" na "timber" neno linaendelea, kwa hiyo "b" inasikika.

Tiba ni kuzipanga. Weka chini makopo mawili au chora duara mbili sakafuni kwa chaki. Duara moja ni la wanaonyamaza, la pili la wanaosema. Mtoto anachukua kadi kutoka rundo lililochanganywa: "knot", "king", "kick", "knock", "kitchen", "knee". Anasoma, anaweka, anaeleza kwa Kiswahili kwa nini ameiweka hapo. Ile sentensi yake ya Kiswahili ina thamani kuliko jibu lenyewe. Mtoto anayesema "hapa K iko na N" ameshaelewa. Anayesema "kwa sababu ni K" bado.

Mtego mmoja ujue mapema: "climbing" na "climber". Mtoto mwerevu atakuambia "b" haiko mwisho tena, kwa hiyo isemwe. Hoja yake ni nzuri, msifu. Afunike "-ing" kwa kidole chake na abaki na "climb". Neno la ndani bado ni lile lile, na ukimya wake umebaki nao.

Dalili: "night" inakuwa "nighti", yenye "gh" ya ghorofa

Kosa hili ni la Waswahili hasa. Mtoto wa lugha nyingine akiiona "gh" huenda asijue aifanye nini. Wetu anajua vizuri mno: ni ya ghali, lugha, shughuli. Na waliosoma madrasa huitoa kwa ufasaha zaidi, kutoka kooni, kwa sababu wamefunzwa kutofautisha herufi za koo. Usiwakemee. Wanatumia ujuzi halali mahali pasipo pake.

Hapa usianze na "gh", anza na herufi tatu: "igh" ndani ya kikapu kimoja, sauti yake "ai". N-igh-t, l-igh-t, r-igh-t, h-igh. Kadi ya "igh" iwe na rangi yake peke yake. Wakishaizoea, ongeza "aught" ya "daughter" na "taught". "Laugh", "cough" na "enough" zinazotoa "f" zifundishwe kama maneno matatu yenye tabia zao, kila moja na picha yake. Usijaribu kuwaundia kanuni, hazina.

Dalili: anasoma Kiswahili ndani ya Kiingereza

Mpe mtoto kadi hizi: "lake", "wake", "same", "mate", "pole", "tone". Atazisoma zote bila kukwama, na zote kwa Kiswahili. Jina lake. Mtoto wake. Same, ule mji wa Kilimanjaro. Mate ya mdomoni. Pole kwa mgonjwa. Tone la maji. Hajakosea hata moja, ila amefungua mlango wa nyumba nyingine.

"E" hii ya mwisho hutajwa pamoja na herufi kimya, nami naifundisha peke yake, kwa sababu kazi yake ni tofauti na ya "k" ya "knee". Ukiifuta "k" ya "knee", matamshi hayabadiliki. Ukiifuta "e" ya "mate", neno linakuwa "mat" na irabu ya katikati inabadilika. "Hop" na "hope". "Cap" na "cape". "Kit" na "kite". Imenyamaza, lakini inamtuma jirani aliye nyuma yake aseme jina lake la alfabeti.

Kwa hiyo usimwambie mtoto "iache hiyo". Mwambie "iangalie kwanza, kisha soma". Andika "hop" kubwa ubaoni, mpe mtoto mmoja kadi ya "e". Akiisogeza karibu, darasa lisome "hope". Akiiondoa, "hop". Asogee na kuondoka mara tano sita. Wanapenda sana, na kila mmoja atataka kuishika. Hapo jicho linaanza kukimbilia mwisho wa neno kabla ya mdomo kufunguka, na hiyo ndiyo tabia unayoitafuta.

Ili kuzuia ule mlango wa pili kufunguka, taja lugha kabla ya kuonyesha kadi. Mimi hushika kadi yenye "lake" nikasema "kwa Kiswahili", wanasoma. Kisha "kwa Kiingereza", wanasoma tena. Neno lile lile, midomo miwili. Mtoto anayeweza kubadilisha kwa amri ameshajua kwamba kila lugha ina sheria zake za kusoma, na jambo hilo litamfaa mbali zaidi ya herufi kimya.

Zitakuja "have", "give", "come", "some", "love", ambazo hazifuati. Za "v" zina sababu rahisi: Kiingereza karibu hakiandiki neno lililoishia na "v", kwa hiyo "e" imewekwa kuifunika mgongo. Nyingine zikaririwe.

Dalili: anasoma vizuri, kwenye imla anaziangusha

"Nife." "Rait." "Lisen." "Haf." Daftari limejaa wino mwekundu, na mzazi anauliza imekuwaje wakati nyumbani mtoto anasoma hadithi nzima.

Kusoma na kuandika ni kazi mbili. Anayesoma ana herufi mbele yake, kazi yake ni kunyamazisha. Anayeandika ana sauti tu, na sauti haina kumbukumbu ya kile kilichonyamaza. Kiswahili kinamfundisha kuandika kwa sikio, na sisi wote ndivyo tulivyoyapokea maneno ya wageni. Tazama tulivyofanya: "receipt" ni risiti, "sign" ni saini, "campaign" ni kampeni, "cupboard" ni kabati, "guitar" ni gitaa, "Christmas" ni Krismasi. Hakuna "p" ya risiti, wala "g" ya saini, wala "t" ya Krismasi. Maneno haya ni hazina wakati wa kusoma. Mtoto akikwama kwenye "sign", mwambie tu "ni saini", mdomo unapata njia mara moja. Lakini wakati wa imla yanamharibia, maana mkono wake unafuata saini. Yatumie upande mmoja, upande wa pili yafunge kabatini.

Kwa kuandika, ninachotumia ni sauti mbili. Kuna sauti ya kusemea na sauti ya kuandikia. Ya kusemea ni "naif". Ya kuandikia, ambayo husemwa kwa kunong'ona na kwa mwandishi peke yake, ni "ki-ni-fe". "Wed-nes-day" kwa Jumatano. "Is-land" kwa kisiwa. "Lis-ten". Ndiyo, ni lile lile kosa la mwanzo, sasa limekuwa chombo cha kazi. Kwa hiyo angalia wakati: usilitumie kwa mtoto ambaye bado anasoma "kinife", utampoteza kabisa. Liwe kwa yule ambaye kusoma kwake kumeshasimama imara.

Pamoja na hilo, fanya angalia, funika, andika, linganisha. Mtoto anatazama neno, anageuza kadi, anaandika, anageuza tena na kukagua mwenyewe. Herufi kimya anaichora kwa penseli isiyokolea au kwa mistari mitupu katikati yake, kama nyumba isiyo na watu. Akishaichora hivyo mara kadhaa, ndiyo herufi anayoikumbuka kuliko zote kwenye neno. Na imla iwe ya maneno matano, si ishirini.

Madarasa ya juu wape na ndugu wa maneno: "sign" na "signal", "bomb" na "bombard", "muscle" na "muscular", "autumn" na "autumnal". Herufi iliyonyamaza kwa mmoja inasikika kwa nduguye. Kwa wadogo hili ni mzigo, wana maneno machache mno.

Dalili: darasa zima linasoma, mmoja mmoja hawawezi

Darasa la watoto themanini likisoma kwa pamoja, unasikia sauti moja nzuri na unaenda nyumbani umeridhika. Kesho unamwita mmoja, hana kitu. Alikuwa akifuata wenzake kwa nusu pumzi, au amekariri mpangilio wa ubao: la kwanza "knee", la pili "knife", la tatu "knock".

Kipimo ni kuchanganya. Futa, andika upya kwa mpangilio mwingine, anza kutoka chini. Weka na neno ambalo hukulifundisha, kama "knit". Anayelisoma amejua kikapu, anayeduwaa amejua orodha. Kisha wagawe wawili wawili, kila jozi na kadi zake sita, mmoja asome, mwingine akague, wabadilishane. Utasikia kelele. Ni kelele ya watoto arobaini wakisoma kwa wakati mmoja, na katika darasa kubwa sijaona njia nyingine inayompa kila mmoja zamu yake ndani ya kipindi.

Dalili: kosa lile lile kwa kila mtoto, bila tofauti

Watoto wote wakisema "plamba" kwa fundi bomba na "debti" kwa deni, wamelipata kwa mtu mmoja. Mwalimu mwenzangu, naandika hili kwa heshima: wengi wetu tulijifunza Kiingereza kwenye vitabu, na kitabu hakitoi sauti. Miaka mingi niliitamka "b" ya "climbing", na hakuna aliyenisahihisha kwa sababu walionisikiliza walikuwa wanafunzi wangu.

Kamusi za kwenye simu zina kitufe cha sauti. Usiku kabla ya kipindi, pitia maneno ya kesho yote, hata unayoamini unayajua. Hasa haya: "receipt", "subtle", "castle", "muscle", "honest", "salmon", "plumber". Ukiigundua "h" iliyonyamaza ya "hour" na "honest", utaona pia kwa nini husemwa "an hour", na hapo umepata somo la sarufi bila kulitafuta.

Mambo mawili yasikusumbue. "Often" husemwa kwa "t" na bila "t", na yote mawili ni sahihi. Na "r" ya "car" au "park" Waingereza wengi huiacha, Wamarekani wengi huitamka. Usiiweke kwenye orodha ya herufi kimya, wala usimkatie mtoto alama kwa ajili yake.

"Mwalimu, kama haitamkwi, kwa nini imeandikwa?"

Watakuuliza. Asiyeuliza amekata tamaa, kwa hiyo lifurahie swali na usilijibu kwa "ndivyo ilivyo".

Jibu la mtoto ni hili: zamani ilikuwa ikitamkwa. Waingereza walisema "k" ya "knee" kwa sauti, kama Wajerumani wanavyosema hadi leo katika neno lao "Knie". Ile "gh" ya "night" ilikuwa na sauti ya kooni, jirani na "kh" ya kheri. William Caxton alipoanzisha mtambo wa kuchapa vitabu Westminster mwaka 1476, sauti hizo zilikuwa bado hai, na tahajia ikaanza kukaa mahali pamoja. Ndimi zikaendelea na safari, maandishi yakabaki kituoni. Kiswahili cha herufi za Kilatini kilisanifishwa juzi tu, kuanzia mwaka 1930, na kiliandikwa kama kilivyosikika. Ndiyo maana chetu kinasomeka.

Kwa wakubwa ongeza kwamba si zote zilizowahi kusemwa. "B" ya "debt" iliingizwa na wasomi waliotaka neno lifanane na Kilatini "debitum", ingawa Waingereza walikuwa wamelichukua kwa Wafaransa bila "b". "S" ya "island" iliingia kwa kudhaniwa kwamba neno hilo lina udugu na "isle", kumbe hawana undugu. "L" ya "could" ilichomekwa ili lifanane na "would" na "should". Mtoto akijua kwamba watu wazima wenye elimu walifanya hivyo, anaacha kudhani kwamba ujinga ni wake.

Umejaribu yote na mtoto bado anakosea

Rudi kwenye kadi moja, karibu na uso wake, dirishani penye mwanga. Akisoma sawasawa hapo na akakosea ubaoni, huenda haoni mbali. Mtoto asiyeona vizuri hukisia katikati ya neno, na "walk" na "wall" kwake ni kitu kimoja. Msogeze dawati la mbele siku hiyo hiyo, kisha zungumza na mzazi apelekwe kupimwa macho.

Kisha simama nyuma yake, asikuone mdomo, useme "knee" na "key" polepole, umwambie aonyeshe goti au ufunguo. Rudia mara kumi ukichanganya. Akikosea mara nyingi, na akikuomba mara kwa mara urudie hata maneno ya Kiswahili, mzazi aambiwe kuhusu masikio pia. Wakati wa kusubiri hospitali, mkalishe mahali anapouona mdomo wako, na kadi zake aendelee kuzisoma na mwenzake mmoja anayesema polepole.